Aliyejaza Diski

Jumatatu asubuhi kompyuta ya ofisi ilikataa kupokea video ya harusi ya binti wa Wakili. Ilisema diski imejaa. Wakili alimtazama mhazili wake kana kwamba ndiye aliyeila nafasi hiyo, kisha akaagiza fundi aitwe.

Fundi alikuja na bisibisi ambayo hakuihitaji. Alijumlisha mafaili yote: hati za kesi, barua, picha nyingi za Wakili akipeana mikono na watu. Hesabu haikufika nusu ya diski.

"Kuna kitu kimejificha humu," alisema, akaanza kufungua mafolda.

Mhazili wa zamani, dada mkubwa wa huyu wa sasa, hakuwa mtu wa kufuta. Kila kazi ilipomwelemea alifungua Folda Mpya akasukumia kila kitu humo, na hiyo ikijaa alifungua Folda Mpya nyingine ndani yake. Aliendelea hivyo mpaka siku alipotoweka, akaacha viatu chini ya meza. Wakili alitangaza kuwa ametoroka kazi. Mama yao alizunguka hospitali zote, kisha vyumba vya maiti, na mdogo mtu akashika kiti ili nyumba isilale njaa.

Katika Folda Mpya ya ndani kabisa dada alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu.

"Huyu hapa. Ndiye amekula nafasi yako," fundi alimwambia Wakili.

Mhazili alisogea karibu na kioo. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Punguza mwanga kidogo, mdogo wangu." Sauti ilitoka kwenye spika, nzito kwa usingizi. Alieleza kwamba aliomba likizo akanyimwa, akaomba tena akachekwa, mgongo ukamshinda, ndipo akaingia humo ajinyooshe kidogo tu. Usingizi ukamnogea. "Mama hajambo?"

"Anakutafuta."

"Muulize hati ya kile kiwanja aliiweka wapi," Wakili alisema. Dada akamwelekeza, na hati ikapatikana. "Haya, mtoeni."

Fundi alitikisa kichwa. Kumtoa mtu kunataka nafasi tupu ya ukubwa wake, nayo ndiyo haipo. Akajaribu kumbana. Magoti ya dada yalikunjika mpaka yakagusa kidevu, akaguna, lakini nafasi iliyopatikana haikutosha hata maharusi kuingia ukumbini.

"Basi mfute."

"Hapo inataka neno la siri la mhazili," fundi alisema.

Wakili alimgeukia mhazili. "Mimi sikuajiri watu wa kulala. Na wewe kama kazi imekuchosha, sema tu."

Mhazili alijua kitu kimoja: kinachofutwa huenda kwanza kwenye pipa la taka la kompyuta, na humo mtu akitaka anakirudisha. Wakili alikuwa na kesi mchana. Akainama kwenye kioo akanong'ona, "Vumilia kidogo, dada. Wakitoka tu, nakurudisha."

"Sawa. Usikawie, hapa pananibana."

Akaandika neno la siri, akabonyeza.

Wakili alikagua diski. Nafasi haikuwa imeongezeka hata chembe.

"Mpaka pipa limwagwe," fundi alisema.

"Nitalimwaga mwenyewe mchana," mhazili alisema haraka.

"Usijisumbue, dada yangu." Fundi alikuwa mtu mwema. Alipitisha mkono juu ya bega lake, akalimwaga. Spika zikatoa sauti fupi ya karatasi inayofinyangwa.

Nusu ya diski ikarudi, na video ikaingia yote. Wakili akawaita waone binti yake akikata keki. Fundi alisifu gauni. Mhazili naye alisema ni zuri, kwa kuwa Wakili alikuwa akimngoja aseme.

Kisha akaomba ruhusa aende nyumbani mara moja akamwambie mama.

Wakili alitazama saa ya ukutani, akamsogezea barua za kuchapwa.

"Mama yako ameshazoea kungoja," alisema. "Utamwambia Jumapili."