Kila Jumamosi, Bila Kukosa

Saa tano na nusu mkutano wa mwaka wa wafugaji nyuki ulikuwa bado unatambulisha wageni, na Ngendo alikuwa ameanza kuchoshwa na binadamu kwa jumla. Alikuwa ametoka Gatuanyaga asubuhi na mapema mpaka ukumbi huu wa kanisa hapa Ruiru akiwa na swali moja tu. Hakuja kunywa chai wala kupewa fulana ya njano. Miaka mitatu iliyopita alikuwa na mizinga kumi na miwili ya kisasa, ile ya fremu za kushikia masega, yote imejaa. Tangu hapo nyuki wamehama mizinga kumi na mmoja. Alitaka aambiwe kwa nini, kabla huo uliobaki nao haujawa boksi tupu.

Mwaka juzi swali lake lilimezwa na mvua. Mwaka jana likamezwa na hotuba. Mwaka huu mshereheshaji alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, halafu akaizingatia upya, mtu kwa mtu, mpaka diwani mstaafu akasimamishwa apigiwe makofi ya kilo. Ngendo hakupiga hata gramu.

Nyumbani alikuwa amemwachia kazi mumewe, Njau. Njau ni mtu wa mbuzi, nyuki hataki hata kuwasikia. Walibishana wiki nzima kabla hajakubali kuvaa ovaroli na kofia ya wavu, ili Jumamosi hii isipite bila mzinga kukaguliwa. Ngendo hakuwa amewahi kuruka Jumamosi. Na kila nyuki walipohama, lawama zilimwendea Njau na dawa yake ya kupe, ambayo Ngendo alisema inanuka mpaka mbinguni.

Maikrofoni ilimfikia wakati mtaalamu, Daktari Githae, ameshaanza kufunga kompyuta yake. Aliuliza bila salamu. Daktari naye akamuuliza huwa anafungua mizinga mara ngapi.

"Kila Jumamosi, bila kukosa. Natoa fremu moja moja, naangalia, narudisha. Si ni wewe ulitufundisha, Daktari, hapa hapa, ule mwaka wa kwanza?"

Daktari akafikiri kidogo. Akasema pengine, lakini hayo yalikuwa maelezo ya nyuki wa Ulaya, na alidhani hilo linaeleweka. Ngendo akautazama ukumbi mzima, watu wa Witeithie, wa Juja, wa Thika, akashindwa kuona hata mmoja anayefuga nyuki wa Ulaya.

Nyuma yake alikaa Kaleli, seremala wa mizinga kutoka upande wa Ukambani. Alimwinamia akazungumza polepole.

"Hawa wetu hawapendi kuchokorwa, mama. Ukiwafungulia kila wiki wanaona hapo hakukaliki. Wanaenda."

Daktari akasema hiyo ni hoja nzuri sana, watu waiandike. Watu wakaandika. Ngendo alikaa na kalamu mkononi, na hakujua amkasirikie nani kwanza. Miaka mitatu amewafukuza nyuki wake kwa mikono yake mwenyewe, kwa bidii, huku akigombana na mtu asiye na kosa. Ndipo akakumbuka kwamba leo ni Jumamosi.

Alitoka nje akiruka miguu ya watu. Simu iliita mara tatu bila kupokelewa. Mara ya nne Njau alishika, na sauti yake ilikuwa changamfu kuliko alivyoisikia kwa miezi mingi.

"Mama Becky, nimemaliza. Nimetoa zote moja moja, vile ulisema. Nimeumwa mbili tu. Na hawa watu wako ni wazuri, wametoka wote, wamejishika pale kwa mti wa jirani, kundi zima. Nimekaa hapa nawaangalia."

Ngendo alifumba macho. Angeweza kusema sawa, akakata simu, na dawa ya kupe ikaendelea kubeba mzigo.

"Baba Becky, hao wanahama. Usilaumu mikono yako. Ni mimi nimekuwa nikiwafukuza, miaka hii yote. Si dawa yako. Ni mimi na hizi Jumamosi zangu."

Ukumbini walikuwa wanapigia mtu mwingine makofi.

"Na vile leo ndio nilikuwa nimeanza kuwapenda," Njau akasema.