Barafu ya Darasa la Saba

Wanafunzi wangu wa darasa la saba, pale Matogoro, hawakuwa wamewahi kushika barafu. Mwaka uliotangulia mtihani uliuliza barafu inayeyuka upesi katika maji gani, ya moto au ya baridi. Wenzao wakabahatisha, wengi wakakosa. Nikaapa hawa hawatabahatisha.

Siku hizo za ruksa, biashara zilipofunguliwa, Kajetani, mfanyabiashara wa mjini, alikuwa ameleta friza. Nilimbembeleza mpaka akanipa bonge la barafu. Nikalifukia kwenye maranda ya mbao ndani ya ndoo, nikapanda kilima hadi shuleni nalo kichwani huku maji yakinichuruzika shingoni. Nikaiacha ndoo ofisini, nikaenda kuchemsha maji.

Niliporudi na sufuria yangu, ndoo ilikuwa na maranda tu.

Mwalimu mkuu, Mathias, alikuwa na mgeni kutoka wilayani. Walikuwa wamelivunja bonge langu, wanakunywa soda baridi kwa raha zao. Vilibaki vipande viwili vidogo, kimoja katika kila glasi.

"Karibu, Mwalimu Judica," Mathias akasema akicheka. "Mgeni kwanza. Watoto watakariri tu, si ndiyo kazi yao?"

Wanasema hasira hasara. Hasara nilikuwa nimeshaipata. Nikaita darasa zima, wakajaa mlangoni na madirishani. Nikatumbukiza vidole kwenye glasi ya Mathias, nikatoa kipande chake nikakitupa ndani ya sufuria. Cha mgeni nikakiacha kwenye soda.

"Tazameni!"

Cha kwenye sufuria kilitoweka Mathias akiwa bado ananifokea. Cha kwenye soda kilikuwa kinaelea.

"Kipi kimeyeyuka kwanza?"

"Cha maji ya moto!" Ofisi nzima ilitikisika.

Mgeni, kwa aibu, akanisogezea glasi yake mwenyewe. Nikatoa kile kipande, nikampa mtoto wa kwanza. Kikapita kiganja kwa kiganja, wanapiga kelele kwamba kinauma, wanacheka, nacho kinazidi kupungua. Kilipomfikia Lidwina, mdogo kuliko wote, kilikuwa maji tu. Mtoto akakitazama kiganja chake, kisha akaitazama glasi tupu ya Mathias.

"Shikamoo, mwalimu mkuu," akasema kwa adabu. "Ya kwangu umeinywa wewe?"