Moshi wa Mama Germaine

Maharagwe ndiyo yaliyonipa habari. Mwezi wa sita, baada ya mafua yaliyonilaza wiki nzima, nilikaa jikoni kando ya mbabula nikisoma gazeti la zamani, makaa yakiwaka na sufuria ikiwa juu yake. Majirani walikuja mbio kuuliza kama nyumba yangu inaungua. Maharagwe yalikuwa yameshakuwa meusi kama makaa yenyewe, na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Sikuwa nimesikia harufu yoyote.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kucheka na kusahau. Lakini mimi ni Barnabé, na hapa Kikula watu wananiita papa Mapua. Miaka thelathini na moja nilifanya kazi katika laboratwari ya kiwanda cha shaba, na asidi ikivuja mahali nilikuwa naijua kabla ya chombo chochote kupiga kelele. Nilipostaafu, pua yangu ikahamia kwenye pombe. Mama yeyote akipika pombe ya harusi au ya matanga, ananiita nionje. Nikisema bado siku mbili, watu wanasubiri siku mbili. Sasa nitaitwaje papa Mapua kama pua yenyewe imebaki pambo la uso? Nikanyamaza. Mficha maradhi kilio humfichua, najua, lakini methali ni tamu unapomwambia mwenzako.

Wiki nne baadaye akaja Jenny, mtoto wa marehemu dada yangu. Amefungua baa ndogo ambayo haiuzi bia ya kiwandani hata chupa moja. Anauza pombe zinazopikwa kwa mikono hapa hapa Likasi, na majina ya wapishi anayaandika kwa chaki kwenye ubao mlangoni.

"Tonton, siku ya mungu nisaidieko," akaniambia. "Bapikaji beko batatu, na parokia inataka pombe moja tu ya fête ya Mama Maria. Weye njo utasema."

"Na Magloire?"

"Papa Magloire atakuwa pale. Eko na maneno mingi, bantu banapenda."

Ningeweza kumwambia ukweli pale pale. Nikasema nitakuja.

Magloire ni mwalimu mstaafu wa Kifaransa. Kabla ya kunywa anainua glasi juani, anaizungusha, anaiita rangi ya pombe "la robe", kisha anasubiri mimi niseme kitu ili akiseme tena kwa Kifaransa. Ni rafiki yangu. Yeye ndiye aliyetaka tuonje bila kujua nani amepika nini, kama wanavyofanya Ulaya. Wazo zuri, ila kwetu mwenye pombe hunywa wa kwanza, mbele ya macho ya wote, watu wajue kikombe hakina ubaya. Kwa hiyo Jumapili ile siri ya Magloire ilidumu mpaka Willy, mpikaji wa kwanza, alipoinua kikombe chake.

Pombe ya Willy ilinipa moyo. Ilikuwa na tangawizi ya kuchoma ulimi, na ulimi wangu ulikuwa mzima. "Tangawizi mingi," nikasema, "lakini inashuka muzuri."

"Voilà," akasema Magloire. "Une attaque franche," yaani inashambulia bila kujificha.

Ya Séraphin, ya mahindi, ilikuwa chachu. Hilo pia ni kazi ya ulimi. Nikampa siku moja zaidi, Magloire akaiita "jeune", yaani changa, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kichwa changu kikaanza kuvimba. Nilijiambia kwamba labda pua haina kazi kubwa kama nilivyodhani.

Wa tatu alikuwa mama Germaine, jirani yangu, mjane, mtu wa maneno machache. Tangu nimjue, anapika pombe ya mtama. Analoweka mtama, anauacha uchipue juu ya magunia, kisha anaukausha juu ya bati lililowekwa kwenye makaa. Bati hilo ndilo lililotugombanisha. Mwaka jana, mbele ya watu, nilimwambia pombe yake inanuka moshi, ni ya kunywa na makaa yake. Wiki mbili hakunisalimia.

Alikunywa kidogo, akapangusa ukingo wa kikombe, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akasimama akiangalia uso wangu.

Nikaonja. Utamu kidogo, uchachu kidogo, ubaridi, basi. Mahali pa harufu palikuwa patupu. Hapo ningesema ukweli, au hata ningejifanya ninakohoa. Badala yake nikalikumbuka lile bati.

"Mama Germaine, ni muzuri," nikasema. "Lakini moshi iko palepale, sawa mwaka ilipita."

Magloire alikubali kwa shingo yote. "Effectivement. La fumée. Très présente."

Jenny aliangalia ndani ya glasi yake, akanusa, akaniangalia mimi.

Mama Germaine hakupandisha sauti. "Moshi," akasema. "Papa, hii mutama nilianika ku jua, siku kumi, juu ya bâche, ile turubai. Moto haikuisogelea. Asali ya kutia ndani nilienda kuitafuta miye mwenyewe kule Koni, na kinga. Nilipika mara tano, nilimwaga mara ine, yote ju ya ile neno yako. Sasa kama moshi ingali mule, basi miye siyui kupika. Naacha."

Akafunga bidoni lake la pombe, akajitwisha, akaondoka.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu utotoni. Mwanamke huyu alikuwa amebadilisha kila kitu kwa neno langu moja, akaendesha baiskeli mpaka Koni kwa ajili ya asali, na mimi nikamhukumu kwa bati la mwaka jana. Magloire aliinama sikioni mwangu akasema labda ulikuwa moshi mwepesi. Nilimwambia anyamaze, nikatoka.

Magoti yangu hayajui tena kukimbia. Nilimkuta kwenye kona, pale wanapochaji simu, amelitua bidoni ili apumzike.

"Mama Germaine, nisikilizeko. Siko na mapua."

Aliiangalia pua yangu, ambayo kwa kweli ni kubwa. "Na ile iko pale ni nini?"

"Iko pale ya bure. Tangu mwezi ya sita sisikie harufu hata ya nini. Pombe yako sikuisikia. Nilisema tu."

Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea, maana yalikuwa haki yangu. Kisha mdomo wake ukaanza kucheza.

"Siku ya maharagi," akasema. "Weye ulikuwa ndani?"

"Kando ya sufuria."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mwenye kibanda cha simu akatoka kuona kuna nini. "Kumbe," akasema, akifuta machozi kwa kitenge. "Moshi ya kweli haukuisikia. Ile haiko, njo unaisikia." Halafu kicheko kikatoweka usoni mwake. "Sasa utarudia, papa. Utasema vile mbele ya bantu, sawa ulisema ile ingine mbele ya bantu."

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa tangu mwezi wa sita. Nilichukua bidoni, nikalibeba mimi, na tukarudi.

Nilisimama katikati ya baa ya Jenny nikasema yote: mafua, maharagwe, bati. Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na kicheko hakikuwa kibaya kama nilivyokuwa nimekiwaza usiku kucha kwa wiki nne. Magloire alingoja kitulie, akasema kwamba, kwa kweli, hata yeye mafua yalikuwa yamempitia. Hakuna aliyemuuliza lini.

"Sasa tonton," Jenny akasema, chaki mkononi, "niandike nani?"

"Usiniulize miye. Mwenye mapua akae ku kiti."

Nikamvutia mama Germaine kiti changu. Alikataa mara moja, kwa adabu, kisha akakaa. Alionja ya Séraphin, akaisifu kuliko nilivyoisifu mimi. Alinusa ya Willy muda mrefu, akamwuliza kwa upole hiyo tangawizi aliikausha wapi, na Willy akakiri kwamba aliikausha juu ya makaa. Mbele ya papa Mapua moshi ulikuwa umepita bila salamu.

Yake mwenyewe alisema hawezi kuihukumu. Jenny hakungoja, aliandika jina lake ubaoni kwa herufi kubwa, na watu wakapiga makofi, Willy naye.

Mama Germaine hakugeuka kuliangalia. Alijaza kikombe, akanywa wa kwanza kama desturi, lakini hakunipa mara moja. Alikishika mapajani, akafumba macho.

"Ku mwanzo ni asali," akasema polepole. "Ile ya pori, iko na maua ndani. Halafu mutama inakuja, sawa mukate yenye kutoka mu moto asubui. Na ku mwisho, ngoja... ni sawa udongo wakati mvua ya kwanza inanyesha."

Akapangusa ukingo, akanipa kwa mikono miwili. "Kunywa sasa, papa Mapua. Polepole."

Nikanywa. Harufu haikuja. Lakini nilijua asali iko wapi, na mkate unaanzia wapi, na nilipofika mwisho nilisubiri mvua. Nikarudisha kikombe na kumwomba aniambie tena.