Mfupa wa Podlipje

Bi Nawar hapendi kukatizwa kahawa yake ya alasiri, na mkwewe Senad analijua hilo vizuri. Kwa hiyo Bi Nawar alipomwona anaingia sebuleni, hapo nyumbani kwao Al Khoudh, Maskati, simu mkononi na uso umemshuka, alijua jambo lenyewe si dogo.

Senad ni Mbosnia, mwalimu wa jiografia chuo kikuu. Kiswahili alifundishwa na mkewe Nasriya, bintiye Bi Nawar.

"Mama, wamempata baba."

"Alhamdulillahi! Yuko wapi?"

"Si yeye. Mfupa wa paja, mmoja tu. Wameupima, umelingana na damu yangu."

Bi Nawar akakiweka chini kikombe. Nasriya, aliyekuwa analeta tende, akasimama pale pale mlangoni.

Senad akawaeleza habari za kwao, jambo ambalo huwa halisemi. Mji wao wa Podlipje umebanwa baina ya mlima na mto Drina, hata nyumba zake zimepandana. Una msikiti mmoja wa tangu zama za Waturuki na daraja moja la mawe, na miaka yote kila kitu kilipita hapo: chumvi, maharusi, majeshi. Vita vilipoingia, watu wenye silaha waliwapeleka wanaume wa Kiislamu kwenye daraja hilo hilo, wakawapiga risasi na kuwasukumia majini, baba yake akiwamo. Mto ukawachukua mpaka kwenye ziwa la bwawa la umeme. Miaka mingi baadaye maji ya ziwa yakashushwa, bwawa litengenezwe, na jamaa wakaingia matopeni kuokota mifupa. Mingine inapimwa mpaka leo.

"Mwezi wa saba kuna maziko ya pamoja," alisema. "Mama yangu anataka tuuzike. Mimi sitaki. Nitamzikaje baba yangu paja? Nataka nisubiri upatikane mwili mzima. Lakini mama anaumwa, sijui kama mwakani atafika. Wewe waonaje?"

"Subiri," Bi Nawar alijibu bila kufikiri. "Mtu hazikwi kidogo kidogo."

Lilimtoka kirahisi kwa sababu ndilo alilolelewa nalo. Baba yake alichukuliwa nyumbani Unguja siku za mapinduzi, yeye akiwa mtoto, na hata maiti yake haikuonekana. Mama yake hakukaa eda. Kukaa eda ni kukubali kuwa mume kafa, naye hakukubali, wala hakuruhusu asomewe hitima. Wakahamia Maskati, wakajenga, wajukuu wakazaliwa, na bibi wa watu si mke si mjane, mpaka akafia huko Ghubra, macho yakiwa mlangoni. Watu walimsifu kwa uaminifu wake, na Bi Nawar akimsifu pamoja nao. Uaminifu gani! Yalikuwa mateso matupu, na hakuna aliyethubutu kumwonea huruma akamwambia kuwa mumewe kafa.

"Huyo mama yako," aliuliza taratibu, "mchana hukaa wapi?"

"Dirishani. Dirisha la upande wa mtoni."

Bi Nawar alifumba macho. Alijionea haya.

"Mpigie. Mwambie azike."

"Lakini Mama, sasa hivi umesema..."

"Nimesema upuuzi. Mpigie, nnakwambia! Azike huo huo mfupa, aulilie, watu waje wampe pole. Ukipatikana mwengine mtafukua, mtauweka na mwenzake. Lakini yeye akifa hajazika, utamfanyia nini tena?"

Senad akapiga. Bi Nawar hajui hata neno moja la Kibosnia, lakini kilio cha kikongwe yule alikifahamu chote. Kilipanda, kikashuka, kikatulia.

"Ijumaa tutamsomea hitima hapa," Senad alisema alipokata simu, huku akijifuta macho.

"Someni ya watu wawili."

"Wa pili nani, Mama?"

Bi Nawar akalitaja jina. "Suud bin Hamdan. Baba yangu. Amekufa. Alikufa siku ile ile waliyomchukua."

Nasriya hakuwa amepata kuyasikia maneno hayo katika nyumba ile. Akaitupa sinia ya tende, akamkimbilia mama yake, maana Bi Nawar alikuwa keshaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtoto aliyefiwa leo.