Jiko Lililopumua

Watu wa Kitengela walimlaumu mwenye ploti, nami niliwaacha wamlaumu. Nilichochea, hata. Kwenye mazishi ya Munyiva, jirani yangu aliyeuawa na stima, kule Makueni nilisimama na wanaume wenzangu nikawaeleza, kwa sauti ya mtu anayejua stima, jinsi waya wa ardhi katika zile nyumba za kupangisha unavyoingia ukutani na kuishia humo humo, haujafika ardhini hata kidogo. Ilikuwa kweli. Ndiyo sababu ilinifaa sana.

Mimi ni Elphas Obura, fundi wa majiko ya stima. Miaka kumi na moja niliunganisha majiko ya kioo katika kiwanda kimoja cha Nairobi, hadi kilipofungwa mwaka wa tisini na tisa. Nilitoka na makasha mawili ya vipuri vilivyokuwa vitupwe, na kichwa kilichojaa maringo. Nikafungua karakana Kitengela, nyuma ya duka la mbao, nikaanza kubuni jiko langu mwenyewe.

Msinicheke, lilikuwa jiko zuri. Bakuli lake nililifinyanga kwa ule udongo mweupe wa Gilgil, mwepesi kama unga, usioruhusu moto kushuka chini. Ndani ya bakuli nilisimamisha utepe wa chuma uliokunjwakunjwa, na juu nikafunika kioo. Ukiwasha, utepe unaiva na joto lake linapenya kioo kama jua linavyopenya dirisha. Kati ya utepe na kioo nililaza fimbo, nyembamba kuliko penseli. Kioo kikitaka kupata moto kupita kiasi, fimbo inarefuka kiasi cha unywele mmoja, inasukuma swichi, tik, wekundu unazimika. Kikipoa, tik, wekundu unarudi. Hiyo fimbo ndiyo akili ya jiko. Vingine vyote ni moto tu.

Lakini nenda ukamwambie hivyo mtu aliyekulia kwenye makaa. Mtu wa makaa akiona wekundu umepotea anajua moto umekufa. Walinirudishia majiko mazima kabisa, mmoja baada ya mwingine, wakiniangalia kama tapeli.

Mulei alileta lake mwaka wa 2001. Alikuwa jirani yangu, karani katika kiwanda cha simiti huko Athi River, mtu mpole. Alikuja amelikumbatia, na mkewe Munyiva nyuma yake.

"Baba Whitney, hii kitu yako inazimazima."

"Haizimi," Munyiva alisema. "Inapumua. Mimi nimeizoea. Wacha tu hivyo."

"Muthokoi ni mahindi ngumu, inataka moto ya kukaa. Hii inaenda ikirudi. Tengeneza, fundi."

Ningeweza kueleza. Dakika tano zingetosha. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimeshaeleza watu wawili, na mmoja alikuwa ameniuliza kama kweli nilisomea hii kazi. Damu ilinichemka. Nikasema moyoni, wekundu mnautaka, wekundu mtaupata. Nilimwambia Mulei lichukuliwe kesho. Nikaupitisha waya kando ya swichi, nikaichomoa fimbo na kuitupa kwenye mkebe wa misumari.

Munyiva ndiye aliyekuja kulichukua. Aliliwasha pale pale mezani, akainamisha sikio, akangoja. Utepe uliwaka bila kupepesa.

"Umeinyamazisha," alisema, na hakutabasamu.

Juni mwaka uliofuata, Jumapili moja, muthokoi ilikuwa jikoni tangu walipotoka kanisani. Kioo kilivumilia hadi kikashindwa. Kilipopasuka, maji ya sufuria yalimwagikia utepe, na Munyiva, ambaye hakujua kupoteza chakula, aliishika sufuria kwa mikono yote miwili.

Wiki moja baada ya mazishi Mulei alikuja karakana amelikumbatia jiko lile lile. Aliliweka mezani kwa upole.

"Tengeneza."

"Ndugu yangu, hii tuitupe."

"Rudisha ile kitu ilikuwa inaizima. Vile alikuwa anataka." Akaendelea, "Ni mimi, Baba Whitney. Alisema iachwe, nikakataa. Ni mimi nilimuua."

Hapo ndipo ningesema. Mulei aliomba jambo asilolijua. Mimi nililijua nikampa. Lakini niliogopa. Niliifikiria karakana, nikamfikiria binti yangu Whitney shuleni, nikafikiria jinsi jina langu lingetamkwa. Nikamgusa bega nikamwambia ni kazi ya Mungu. Mpaka leo naionea haya mikono iliyomgusa.

Nikaweka kioo kipya. Fimbo niliitoa kwenye mkebe wa misumari, ile ile, nikairudisha mahali pake. Asubuhi iliyofuata Naserian, mama anayeniletea maziwa, aliingia.

"Sopa, fundi." Akaanza kumimina, akasita. "Hiyo saa yako iko wapi?"

"Sina saa."

"Kuna kitu inapiga."

Tukasikiliza. Tik. Kimya kirefu. Tik.

Jiko lilikuwa halijafungwa plagi. Ncha za waya wake zilikuwa mezani, shaba tupu. Nilimwambia ni chuma kinapoa. Naserian alikiweka kiganja chake juu ya kioo.

"Na iko baridi," alisema. Tangu siku hiyo maziwa yangu anayaacha kwenye duka la mbao.

Nililirudisha kwa Mulei kabla ya saa sita, karibu nikikimbia. Karakana ilinyamaza nami nikamshukuru Mungu. Ila Mulei aliacha kwenda kazini. Kila nilipokutana naye kwenye mfereji shati lilikuwa limezidi kumpwaya, na majirani walisema hawasikii harufu ya chakula kwake. Kufikia Oktoba nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda Jumapili, mchana.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amelielekea jiko. Halikuwa na sufuria. Plagi ilikuwa sakafuni.

"Karibu, Baba Whitney. Keti usikie."

Tik.

Nikakaa.

"Tangu ulete," Mulei alisema. "Miezi nne, bila stima. Nikilala inalia, nikiamka inalia. Ananiita. Na mimi nimemwambia sawa, nakuja. Ndiyo sioni haja ya kula."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayesema atasafiri Jumatatu. Nikaona kwamba nikiondoka pale bila kusema nitakuwa nimewazika wawili.

"Si wewe," nilisema. "Sikia. Ile fimbo ilikuwa ya kulinda kioo kisipasuke. Wewe hukujua. Mimi nilijua. Nilijua siku ile mlikuja wote wawili, na nikaitoa kwa hasira tu, kwa sababu nilichoka kueleza watu. Halafu ukajilaumu mbele yangu na nikakuacha ujilaumu."

Mulei aliniangalia. Nilingoja anipige, ningemshukuru. Alipoacha kuniangalia aligeukia jiko, na sote tukangoja ile sauti yake. Halikulia. Tulikaa muda wa kutosha muthokoi kuanza kuchemka, na halikulia. Mabega ya Mulei yalishuka, akalia kwa nguvu, uso wote umelowa, bila kujificha.

Kisha alijipangusa na shati, akasimama. Aliuzungusha waya kwenye jiko kwa mpango, akaikaza plagi, akaninyanyulia jiko hadi mikononi.

"Kumbe hakuwa ananiita mimi," alisema. "Alikuwa anakutafuta wewe."

"Mulei..."

"Enda nayo, Baba Whitney. Mimi niko na njaa."

Alinisindikiza hadi nje, kama mgeni wa heshima. Jua lilikuwa linawaka, watu wakitoka kanisani wananisalimia, nami naitikia, jiko limenilalia kifuani. Nilikuwa nimefika kwenye duka la mbao, nimeanza kujiambia imekwisha, nilipoihisi kabla ya kuisikia. Chini ya kioo kilichokuwa baridi, karibu na mbavu zangu, fimbo ilirefuka. Niliitengeneza mwenyewe, na najua hairefuki ila kwa moto.