Simu Zilizokatwa Katikati ya Mtihani

Nastiti alipoingia ofisini kwetu hapa Yogya, Indonesia, sikumkaribisha hata kiti. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinasubiri neno langu: nikisema alidanganya, nafasi yake anapewa mwingine. Mimi ndiye niliyeandika programu ya mtihani wanaoufanya kwenye simu, na nilikuwa nimeshaamua. Dalili ya mvua ni mawingu.

"Nieleze hizi," nikamgeuzia skrini. Kumbukumbu ya programu ilionyesha kuwa katikati ya mtihani simu yake iliita, ikanyamaza bila kupokelewa. Ikaita tena, ikanyamaza. Namba ni ileile. "Mtu alikuwa anakubipu majibu. Mlio mmoja jibu la kwanza, miwili la pili. Mnatuona mabwege?"

"Simu gani, Mbak?" akaniuliza, akiniita dada kwa Kijava. "Mimi sikusikia kitu."

"Na namba?"

"Ya mama. Lakini wallahi sikusikia."

Uongo huo uliniudhi kuliko wizi wenyewe. Galih, ninayeshirikiana naye kuandika programu, alikuwa anatafuna bakwan, bajia za mboga, mezani pake.

"Mama gani anabipu kwenye mtihani?" akasema. "Labda mama mwenye kitabu."

Nikamwambia binti afungue mtihani wa majaribio na kuiweka simu mezani, kisha nikampigia mwenyewe. Nilitaka mlio umuumbue. Simu yake ilikaa kimya, na yangu ikasema nimekatiwa. Nikarudia, nikakatiwa tena. Mikono yake ilikuwa mapajani muda wote. Kwenye kumbukumbu kukaandikwa vilevile: imeita, imekwisha, imeita, imekwisha.

Nikamtazama Galih. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Niliongeza wiki iliyopita," akasema. "Simu ikiingia, programu inaikata kabla haijalia. Watu wasisumbuliwe."

"Ukamwambia nani?"

"Ilinipita, Mbak."

Nilitamani kumrushia kikombe. Hata hivyo moyo wangu haukutulia: kwa nini huyo mama apige saa ya mtihani hasa? Nikamwambia Nastiti afunge mtihani, ampigie, aweke sauti kubwa.

"Nduk, mwanangu?" Mama alipokea kwa sauti ya chini.

"Mama, ulinipigia wakati wa mtihani?"

"Nilikuwa kwenye mswala, nakuombea. Nikataka kukubipu tu, ujue niko nawe. Ukanikatia. Nikasema labda kidole kimeteleza, nikarudia. Ukanikatia tena."

"Mama, siyo mimi. Ni programu yao."

"Haya, mwanangu. Usijisumbue kutafuta maneno. Umeshakuwa na watu wako wa mjini, mimi sitakupigia tena ukiwa nao."

Kukiandikia chuo kwamba binti hana kosa ilikuwa kazi ndogo, maneno mawili matatu tu. Nastiti akanisogezea simu kabla mama hajakata, machozi yanamlengalenga.

"Mwambie wewe, Mbak," akasema. "Mimi haniamini."