Neno la Baba kwa Macho

S. Kisha I. Kisha T.

Nilikuwa nimemshikia baba ubao wa herufi, nikipitisha kidole kimyakimya, naye akipepesa kila nilipofika kwenye herufi aliyoitaka. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulikuwa umemnyang'anya mikono, miguu, mwishowe ulimi. Baba yangu, Trajko, refa aliyetukanwa na mji mzima wa Bitola na kumjibu kila mmoja, alibakiwa na macho tu.

A. K. I. Neno likatimia.

Daktari Nevena alikuwa amemweleza bila kumficha: kifua kimechoka, ama watamtoboa koo na kumuunganisha na mashine ya kupumulia, ama watamwacha aende, bila maumivu. Alisimama upande wa pili wa kitanda cha hospitali. Ubao niliuona mimi peke yangu.

"Anasemaje?"

"Anataka mashine," nikasema.

"Ni kweli, mzee Trajko?"

Baba alinitazama. Sijapata kutazamwa vile. Kisha akafumba macho, na kwetu kufumba kulikuwa ndiyo. Daktari akaandika.

Aliishi na mashine miezi saba. Nilimsafisha tundu la koo, nikamgeuza asipate vidonda, nikamsomea matokeo ya mpira. Nilipouchukua ubao, aliangalia dirishani. Majirani niliwaambia amechoka.

Nevena alipokuja kumwona nyumbani, alisema, "Leo nitamsomea ubao mimi, Slavica. Wewe tupikie kahawa."

Nilisimama jikoni nikisikia herufi zikitajwa moja moja ng'ambo ya ukuta, nikijua nasemwa mimi. Alipotoka, hakukaa.

"Anaomba tuizime mashine. Nimemuuliza mara tatu, kwa njia tatu."

"Na kuhusu siku ile hospitalini?"

Akafungua daftari, akasoma maneno ya baba. "Siku ile nilikosea mimi. Msimsumbue binti yangu." Akanitazama. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyostahili. "Alikosea kweli?"

Mlango wa baba ulikuwa wazi. Alikuwa anasikia.

"Alikosea," nikasema.

Tulimzika Alhamisi. Blagoja, aliyechezesha naye mechi miaka ishirini, alinishika mikono yote miwili pale makaburini.

"Ulikuwa mdomo wake, mwanangu. Si kila mzazi anabahatika hivyo."

Nilimshukuru. Kisha nikamchotea ngano iliyochemshwa, ambayo kwetu hugawiwa waombolezaji, nikamwekea kiganjani, nikageukia mtu aliyefuata.